Nyanya hupumua, usizibane kwa nailoni

MFANYABIASHARA wa Chemchem, Tabora, anayefunika matenga ya nyanya kwa nailoni ili zisisinyae, mara nyingi huishia kuuza kwa bei ya kutupa. Kosa si la soko, ni la hewa.

Nyanya iliyochumwa bado ni hai. Hupumua, hutoa joto na gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Ndani ya nailoni joto hupanda na oksijeni hupungua. Wekundu wake ni laikopini, kiini kinachosaidia kukinga chembehai za mwili. Hujengeka vizuri kati ya nyuzijoto 16 na 26. Joto likizidi 30, kama mchana wa Oktoba mkoani Tabora, hukwama na nyanya huiva ikiwa na rangi ya manjano. Mnunuzi huchagua nyekundu. Hivyo afya na bei huenda pamoja.

Maghala ya kisasa hupunguza oksijeni kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi 3 au 5, na nyanya huiva polepole. Mitambo yake ni ghali, na oksijeni ikishuka mno ladha huharibika.

Njia nafuu ipo, na India wameitumia miaka mingi: kibanda cha kuta mbili za matofali, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, juu ezeko la nyasi. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, maji yanapokauka hupoza nyanya. Msimu wa mvua faida hupungua.

Chuma zikianza kugeuka rangi, tenga zilizopondeka, kisha piga hesabu: matofali hununuliwa mara moja, hasara ya nyanya hurudi kila msimu.