Akaunti Iwe Mali ya Ushirika

Ndugu zetu wa Mamba, katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same, wanajulikana kwa zao lao la tangawizi. Kulima wanajua. Taabu ya mkulima wa huko ni kupata habari za bei kabla mchuuzi hajafika mlangoni pake, na kujua ni siku gani gari la mizigo litapanda mlima. Siku hizi wako vijana waliosoma, wenye bidii, wawezao kutengeneza programu ya simu itakayompa mkulima habari hizo kwa Kiswahili chake. Lakini kati ya programu iliyokamilika katika kompyuta ya kijana na simu iliyo mkononi mwa mkulima pana mlango, na mlango huo una mwenyewe. Leo twataka kusema juu ya mlango huo.

Mlango wenyewe ni akaunti ya mtengenezaji programu. Simu nyingi za wananchi wetu hutumia mfumo wa Android, na duka kubwa la programu za mfumo huo ni Google Play. Atakaye kuweka programu yake dukani hapana budi afungue akaunti, alipe dola 25 za Marekani mara moja tu, na athibitishe jina, anwani na kitambulisho chake. Duka la kampuni ya Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Kisha programu huunganishwa na akaunti hiyo, na kila toleo jipya na kila sahihisho hupita humo. Machoni pa duka, mwenye akaunti ndiye mwenye programu, hata ikiwa aliyeiandika ni mtu mwingine na aliyeigharimia ni mtu wa tatu.

Hapo ndipo penye hatari. Chama cha ushirika, au kikundi cha wakulima, humwita fundi, humlipa fedha za wanachama, naye huiweka programu katika akaunti yake mwenyewe, yenye barua pepe yake na nywila yake. Kwa mwaka wa kwanza mambo huenda vizuri. Fundi akihamia mjini, akikosana na viongozi, au akifariki dunia, programu nayo huondoka mikononi mwa wanachama. Kuhamisha programu kutoka akaunti moja kwenda nyingine kunawezekana, lakini mwenye akaunti ya kwanza ni lazima akubali. Asipopatikana, wanachama hubaki na jina tupu.

Wapare hawana haja ya kufundishwa jambo hili na mgeni. Wazee wao walichimba ndiva, mabwawa yale yanayojaa maji usiku na kufunguliwa mchana, kila shamba kwa zamu yake. Je, ndiva iliyochimbwa na watu wengi yaweza kufungwa na mtu mmoja kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika jembe siku ile mlango wake ulipowekwa? Kila mtu atajibu kuwa haiwezekani. Basi na akaunti iwe vivyo hivyo. Fundi alipwe haki yake yote, tena alipwe vizuri, kwa maana kazi yake ni kazi kama kazi nyingine. Lakini ufunguo ukae ofisini kwa ushirika.

Njia ya kufanya hivyo ipo. Google hupokea akaunti za watu binafsi na akaunti za vyama na makampuni. Chama kinachotaka akaunti kwa jina lake hutakiwa kuwa na namba ya utambulisho iitwayo D-U-N-S, yenye tarakimu tisa, inayotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Dun & Bradstreet. Namba hiyo hupatikana bure, ila huweza kuchukua hata siku 30. Kwa hiyo iombwe mapema, kabla fundi hajaanza kazi. Akaunti ikifunguliwa, chama hubaki mwenyewe, na fundi hualikwa ndani kama mtumiaji mwenye ruhusa maalumu: kupakia toleo jipya, kusoma taarifa za makosa, na kadhalika. Kazi ikiisha, ruhusa huondolewa, na mali hubaki.

Wako pia vijana ambao, kwa kukosa kadi ya kulipia dola 25 au kwa kukataliwa kitambulisho, huazima akaunti ya rafiki, au huinunua kwa watu wasiowajua. Twawaambia waziwazi: waache. Duka likifunga akaunti moja kwa kosa la udanganyifu, huzifuata na kuzifunga akaunti nyingine zinazohusiana nayo. Kijana asiye na hatia huweza kuipoteza kazi ya miaka miwili kwa sababu ya kosa la mtu asiyemjua hata kwa sura.

Sasa tuje kwenye majaribio. Mwezi Novemba 2023 Google ilianza kuwataka wenye akaunti mpya za binafsi kuijaribu programu kwa watu wasiopungua 20, kwa siku 14 mfululizo, kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Watengenezaji wengi walilalamika. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi watu 12, na siku zikabaki zile zile 14. Wajaribu hao ni lazima waandikishwe, wakubali, na wasijiondoe kabla ya siku kutimia. Mwishoni mtengenezaji huulizwa watu walisema nini na yeye alirekebisha nini.

Kwa kijana aliyejifungia chumbani peke yake mjini, watu 12 ni mlima. Ndiyo maana umezuka uchuuzi wa kuuza wajaribu, watu wa mbali wanaopokea fedha, wanaweka programu katika simu zao, na hawaifungui tena. Jaribio la namna hiyo ni la uongo, na mwenye kulinunua anajidanganya mwenyewe. Ya nini kuwanunua wageni wasiojua tangawizi, hali wakulima wapo?

Upare ina desturi ya msaragambo: kazi ya wote hufanywa na wote, iwe mfereji, barabara au shule. Twasema kujaribu programu ya wakulima kuwe msaragambo. Achaguliwe mama mwenye simu ya bei nafuu iliyojaa picha hata haina nafasi. Achaguliwe mzee asiyeona vizuri maandishi madogo. Achaguliwe dereva, karani wa ghala, na mkulima anayeishi bondeni ambako mtandao huja na kutoweka. Wakae nayo wiki mbili, kisha wakutane waseme bila kuoneana haya. Hata pale chama kinapotumia akaunti yake, isiyodaiwa sharti la watu 12, jaribio hili lifanywe, kwa sababu mwenye kufaidika nalo ni mkulima kuliko duka.

Atatokea msomaji atakayesema: ya nini taabu yote hii, wakati faili la programu laweza kutumwa kwa WhatsApp? Twamjibu kwamba kwa njia hiyo hiyo wezi husambaza programu za kuiba fedha zilizo kwenye simu, na mwananchi hana namna ya kutofautisha. Tena mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kutaka hata programu za nje ya duka lake zitoke kwa watengenezaji waliothibitishwa, kuanzia nchi nne mwaka 2026 na kuenea duniani kuanzia 2027. Heri kujiandaa mapema.

Hatusemi kwamba masharti haya yote ni ya haki. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa. Funzo lake lingali hai: sharti linalomgusa mwananchi ni lazima aelezwe, naye awe na mahali pa kuuliza. Kijana wa Mamba akikataliwa na kampuni iliyo ng'ambo, hujibiwa kwa barua ya mashine. Hapo Tume ya TEHAMA, Tume ya Maendeleo ya Ushirika na maafisa TEHAMA wa halmashauri wana wajibu: wavisaidie vyama kupata namba na hati, na wawasemee wananchi mbele ya makampuni hayo. Vyama navyo visisahau kwamba kukusanya majina na namba za simu za wakulima kunatawaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa chama, mwanachama na asimame aulize maswali matatu: Akaunti ya programu yetu imeandikwa jina la nani? Nywila yake inatunzwa na nani? Na ni nani miongoni mwetu aliyeijaribu? Viongozi wasiokuwa na majibu wapewe muda wa kuyatafuta, na muda huo usiwe mrefu.