Simu Garini: Sheria Isitazame Mkono Tu

Atokaye Mjini kwenda Kendwa hupita Mahonda na Kinyasini, na asubuhi huwaona wanafunzi wakitembea kandokando ya lami. Hivi karibuni nilisafiri njia hiyo katika gari la abiria. Dereva alizungumza na simu safari nzima, lakini hakuishika. Aliipachika mbele yake. Sisi abiria tuliridhika. Nasema tulikosea.

Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi juu ya madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Waliona kuwa hatari ya kugongana wakati simu inatumika ilikuwa karibu mara nne ya kawaida. Wala hawakupata ushahidi kwamba simu isiyoshikwa ilikuwa salama zaidi. Sababu ni kwamba jicho hupokea picha tu, bali akili ndiyo iamuayo, na akili iliyozama katika mazungumzo huchelewa kuamua. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde, limekwenda mita 7 kabla mguu haujagusa breki.

Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulirekebishwa mwaka 2006 ili nchi wanachama zikataze simu ya kushikwa mkononi gari linapokwenda. Uingereza ilikwisha kuikataza tangu Desemba 2003. Makatazo haya ni mema, lakini hayatoshi: yanaukataza mkono, yanaiacha akili.

Huenda msomaji akauliza: mbona dereva huongea na abiria? Abiria huiona njia. Mtoto akikatiza barabara, hunyamaza au humwonya dereva. Aliye upande wa pili wa simu haoni kitu, naye huendelea kusema.

Kwa hiyo yafaa sheria imkataze dereva wa gari la abiria mazungumzo yote ya simu awapo mwendoni. Askari hawezi kuiona akili, lakini abiria husikia mazungumzo, nao wana haki ya kumwambia dereva asimamishe gari kwanza.

Walimu, lijaribuni jambo hili darasani. Mwanafunzi mmoja aachie rula ianguke, mwenzake aidake kwa vidole. Kisha warudie huku mdakaji akijibu hesabu za kichwa. Pimeni sentimita zilizoanguka kila mara, halafu wanafunzi wenyewe wazigeuze kuwa mita za barabarani.