Tusiwaue Walinzi wa Mpunga Wetu

MVUA zinapoanza na bonde la Kilombero likageuka kijani, jambo moja huonekana katika familia nyingi za Lipangalala na vitongoji vingine vya Ifakara. Baba huona majani machache ya mpunga yametobolewa, hununua dawa dukani, huitia katika bomba la mgongoni na kulipiga shamba zima. Hakuuliza ni mdudu gani. Mara nyingine abebaye bomba ni kijana wa shule, hana glavu wala kitambaa puani.

Tunaona ni wajibu wetu kulisema hili, kwani sumu hiyo haichagui. Pamoja na bungua atoboaye shina hufa pia buibui awindaye baina ya mashina, hufa kerengende, na hufa nyigu wadogo mno ambao hutaga ndani ya mayai ya bungua, yakaharibika kabla ya kuanguliwa. Hao ni walinzi aliowaweka Mola shambani bila ujira. Isitoshe, mpunga mchanga ulioliwa majani kidogo hupona wenyewe. Sisi ambao katika Qur'ani tunasoma Sura ya Annahl, ya Annaml na ya Al-Ankabut, yaani nyuki, sisimizi na buibui, tulipaswa kuwa wa mwanzo kulitambua. (Kwelea kwelea ni habari nyingine, hao hakuna buibui awawezaye.)

Ndugu zetu wa Indonesia, walaji wa wali kama sisi, walijifunza kwa hasara. Serikali yao ilitoa ruzuku ya dawa, wakulima wakapiga kwa wingi, na mdudu wa kahawia afyonzaye utomvu wa mpunga akazidi badala ya kupungua. Mayai yake hufichwa ndani ya ala ya jani, ambako dawa haifiki; yalipoanguliwa, buibui wa kuwala hawakuwapo tena. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na baadaye wakulima wakafundishwa, humo humo shambani, kumpambanua mdudu rafiki na adui. Mavuno hayakuanguka. Hapa Afrika nako, muhogo uliokuwa ukimalizwa na kidung'ata uliokolewa na nyigu aliyeletwa kutoka Paraguay mwaka 1981.

Kwa Ifakara liko jambo zito zaidi. Baadhi ya dawa za shambani ni za jamii moja na ile itiwayo katika vyandarua vyetu. Maji ya majaruba yanapoingia dawa hiyo, viluwiluwi vya mbu huizoea, na mbu wazaliwao humo huja kutua juu ya chandarua cha mtoto wasidhurike. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, walioyachunguza matumizi ya dawa za kilimo katika wilaya za Kilombero na Ulanga, walichapisha mwaka 2020 wito kwamba wataalamu wa kilimo na wa afya wafanye kazi pamoja.

Wito huo usiishie maofisini. Tunawaomba maimamu wa Lipangalala wamwalike afisa ugani wa kata baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya kupalilia, aje na mdudu rafiki na mdudu adui ndani ya chupa, na akina mama waitwe, kwani wao ndio wainamao shambani kutwa.