Tiara Juu ya Mahame: Rai kwa Watafiti wa Meru na Embu

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mtafiti wa mahame, methali hii ni nusu ya ukweli. Akishainama na kuokota vigae, hana budi kutazama kutoka juu ili atambue umbo la mahali alipoviokota.

Mahame mengi ya Meru na Embu ni madogo. Mathalani, kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamishia wakazi wengi katika vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mahandaki. Baadaye mahandaki yalifukiwa, mashamba yakalimwa juu yake. Anayesimama hapo leo huenda asione chochote. Hata hivyo, udongo uliojaza handaki aghalabu huhifadhi unyevu, na kiangazi kinapoanza mimea iliyo juu yake huchelewa kukauka. Mstari huo wa kijani hudhihirika kwa atazamaye kutoka juu.

Wapo wasemao kuwa kazi hii ni ya wenye fedha. Hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba kukodi ndege ni ghali, na ndege isiyo na rubani yahitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2020. Lakini Stonehenge, kule Uingereza, ilipigwa picha kutoka kwenye puto mwaka 1906. Tiara imara, kamba na kamera nyepesi inayojipiga kila baada ya sekunde chache vyatosha kwa hame la ekari moja. Vigingi vilivyopimwa ardhini hutoa kipimo, na picha zinazopishana huunganishwa kuwa ramani kwa programu zisizolipiwa. Mrushaji ajihadhari tu na nyaya za umeme na viwanja vya ndege.

Mbinu hii ina mipaka. Juu ya msitu wa Mwene Ndega karibu na Runyenjes, ambako masimulizi ya Waembu huweka chimbuko lao, kamera itaona majani tu. Lakini picha za kila mwaka zitaonyesha iwapo ukingo wa msitu unamegwa. Aidha, penye miiko, kama kwenye madhabahu ya Njuri Ncheke huko Nchiru, idhini ya wazee itangulie tiara.

Haya yanatuhusuje sisi wa Kiswahili? Twendapo nyanjani kukusanya fasihi simulizi, hurejea na sauti zisizo na mahali. Isitoshe, mwaka 1953 waliotazama misitu ya Mlima Kenya kutoka juu walikuwa marubani wa kikoloni, waliokuja kuangusha mabomu. Ni haki yetu sasa kuitazama nchi hiyo kwa macho yetu.

Kila chama cha wanafunzi na kiwe na tiara moja. Waliolazimishwa kuchimba mahandaki yale wanazidi kupungua. Tuwapelekee picha wangali wanaweza kutuonyesha lango lilikuwa wapi.