Kadi ya matibabu ipo, daktari wa kuipokea yuko wapi?

Katika mazungumzo yangu na wavuvi na wakulima wa michikichi wa Kizuka, tarafa ya Rumonge, swali linalojitokeza kila mara si bei ya kadi ya matibabu. Watu wanauliza: ukishaipata, unaipeleka kwa nani?

Kadi yenyewe si ngeni. Serikali ya Burundi iliianzisha mwaka 1984 kwa ajili ya watu wasio na mshahara wa kila mwezi, na kwa miaka mingi iliuzwa faranga 500. Ilipozinduliwa upya mwaka 2012 bei ilipandishwa hadi faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka: mgonjwa alipe asilimia 20 ya gharama, serikali ilipe asilimia 80, mradi atibiwe katika kituo cha umma.

Sasa mfuate mgonjwa. Kijijini atakutana na muuguzi, kwa sababu vituo vyetu vya afya huendeshwa na wauguzi. Kumwona daktari lazima apewe barua ya rufaa aende hospitali, na nauli ya pikipiki au teksi haimo katika kadi. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta ya gari, nauli hiyo peke yake inaweza kuzidi ile asilimia 20. Akifika na kuandikiwa dawa ambazo hospitali imeishiwa, ataelekezwa duka la dawa la mtu binafsi, na huko kadi ni karatasi tu. Si siri pia kwamba madaktari wengi hufanya kazi hospitali ya serikali asubuhi na kliniki binafsi jioni. Daktari ni yuleyule, lakini jioni anataka fedha taslimu.

Wengi huishia kumlaumu daktari. Mimi naona lawama hiyo imekosea anwani. Chukua mfano wa ankara ya faranga 50,000. Mgonjwa ametoa 10,000, na 40,000 zilizobaki ni deni ambalo hospitali inaidai serikali. Deni likichelewa miezi kadhaa, hospitali itanunua dawa kwa fedha gani? Mwenye kadi anageuka kuwa mteja wa mkopo, na mteja wa mkopo hakaribishwi kama anayelipa papo hapo.

Mwalimu au askari ana nafuu. Bima ya watumishi wa serikali, iliyoundwa mwaka 1980, hukatwa kwenye mshahara kila mwezi na mwajiri huongeza fungu lake. Mfuko huo una mapato yake na hata maduka yake ya dawa. Faranga 3,000 za kaya nzima kwa mwaka haziwezi kubeba mzigo kama huo, kwa hiyo kadi ya mvuvi inategemea hazina ya serikali, ambayo ina wadai wengine wengi.

Tumewahi kuona njia bora hapahapa nchini. Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Mwanzoni wodi zilijaa, dawa zikaisha na malipo yakachelewa. Septemba mwaka huohuo shirika la Human Rights Watch, pamoja na APRODH, lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Mambo yalianza kunyooka mwaka 2010, matibabu hayo ya bure yalipounganishwa na utaratibu wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika, ankara zikikaguliwa kila mwezi na wafadhili wakichangia.

Majirani hawajapona ugonjwa huu. Nchini Tanzania, Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa bima ya taifa kwa kupinga viwango vipya vya malipo. Kenya ilibadilisha bima yake Oktoba 2024, na mapema 2025 hospitali binafsi zikawa zinagoma kwa sababu ya madeni.

Kwa maoni yangu, kuhimiza watu wanunue kadi kabla ya kulipa hospitali ni kuongeza foleni. Kwanza ilipwe ile asilimia 80. Pili, daktari apangiwe siku maalumu ya kutembelea vituo vya afya vya mwambao, ili mgonjwa wa Kizuka asilazimike kufuata daktari mjini kila mara. Kliniki binafsi ziingizwe baadaye, tena kwa mkataba unaotaja siku za kulipwa.

Hatua ya kwanza haihitaji hata mfadhili. Kila hospitali ibandike karibu na dirisha la malipo tarehe iliyopeleka ankara zake za kadi, na tarehe iliyolipwa.