SUMU YA BUSTANINI HAICHAGUI

Ndugu wanakijiji, ndugu wanaushirika,

Juma lililopita tulimkuta bundi amekufa bustanini kwetu, nyuma ya jiko, kati ya tuta la mchicha na tuta la bamia. Mjukuu ndiye aliyemwona kwanza. Alikwisha kumshika, anachomoa manyoya. Majirani walipofika kila mtu akasema lake. Mmoja akasema, "Huyo ametumwa." Mwingine akasema, "Afadhali kafa, kila usiku alikuwa analia juu ya mwembe."

Sisi tulinyamaza, maana tulimjua aliyemwua. Tulimwua sisi. Siku chache kabla tulichanganya sumu ya panya na pumba, tukaiweka kando ya banda la mahindi.

Kwa nini tunayaandika haya ubaoni? Kwa sababu mkutano uliopita ilitolewa hoja kwamba ushirika ununue sumu kwa jumla, igawiwe kila kaya. Sisi pia tulinyoosha mkono kuikubali. Leo tunasema wazi: tulikosea. Hoja hiyo irudi mkutanoni.

Hebu tufikiri pamoja. Bundi hali mahindi. Bundi anakula panya, na hiyo ndiyo kazi yake usiku sisi tumelala. Zipo sumu za panya zisizoua papo hapo. Panya akishakula hukaa siku kadhaa, anatembea amelegea, hana mbio. Bundi anamkamata huyo huyo, na paka vilevile. Sumu inahama tumbo hadi tumbo. Na panya shamba anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, wakati bundi huangua wachache tu. Sasa tukimaliza bundi na paka, nani atabaki? Panya.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kuku wetu mmoja naye alidonoa zile pumba. Alipoanza kuyumba, mtu wa nyumbani akakimbilia kisu, achinjwe upesi asije akawa kibudu. Jamani, tumelelewa hivyo wote. Lakini kisu kinahalalisha nyama, hakiondoi sumu. Kama tusingefika wakati ule, kuku yule angeliwa na watoto usiku huo huo. Tulimfukia, na mtoto aliyemshika bundi tukamwosha mikono kwa sabuni.

Wapo watakaosema, "Katibu anamlilia bundi, na sisi watu wa Rufiji tumeliwa na simba." Ni kweli, wala hatusahau. Kati ya mwaka 2002 na 2004, Kibiti ikiwa ingali ndani ya wilaya ya Rufiji, simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 vijijini kwetu. Aliuawa Aprili 2004, akakutwa na gego bovu lenye jipu. Lakini wataalamu waliochunguza simba wala watu hapa Tanzania walisema jambo ambalo wazee waliolala madunguni walikwisha kulijua. Simba anafuata nguruwe mwitu. Nguruwe anafuata mpunga na mahindi yetu. Na sisi tupo hapo hapo shambani usiku, tunalinda. Ndipo tunapokutana.

Basi ni hivyo hivyo bustanini. Nyoka anafuata panya, bundi anafuata panya, panya anafuata mahindi yaliyomwagika. Mnyama haji kwa mtu bure, anafuata chakula. Ukitaka asije, mwondolee chakula.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

1. Fedha iliyotajwa kununulia sumu inunue mabati na mitego. Miguu ya ghala ikivikwa bati pande zote, panya hapandi. Ghala la ushirika lianze, liwe mfano.

2. Kila kaya ifyeke majani kuzunguka nyumba, izoe punje zilizomwagika, na ifuge paka.

3. Nguruwe na nyani tuwalinde kwa zamu, dungu imara, na watu wasiwe mmoja mmoja. Pumba zenye sumu shambani zikome. Akionekana simba, tembo au kiboko, tumwite askari wanyamapori, tusimkabili wenyewe. Mazao yakiharibiwa na wanyama hao, toa taarifa upesi serikali ya kijiji. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Ukichelewa kuripoti, ushahidi unapotea.

4. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Chimba shimo refu mbali na kisima, fukia. Usitupe mtoni. Maji yetu yanashuka kwenye mikoko, na huko wenzetu wa delta wanavua samaki na kamba. Sumu yetu isiwe kitoweo chao.

Hatusemi tupende panya, wala hatusemi mtu akae akitazama shamba lake likiliwa. Njaa tunaijua. Tunasema tupigane na adui kwa silaha isiyorudi mezani kwetu.

Mkutano ujao njooni tuamue upya. Mwenye hoja ya kutupinga aje nayo, tutamsikiliza.

Ukimaliza kusoma hapa, msomee na jirani ambaye bado yuko darasa la jioni.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji