Silaha ya Bwana Harusi Iwe Nyepesi

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Likoni nikinywa kahawa. Mara akaja mpwa wangu, kijana ambaye panapo majaaliwa ataoa mfungo mosi ujao. Nilidhani amekuja kutaka shauri la mahari. Kumbe sivyo. Alitoa simu yake akanionyesha picha za bastola, kisha akaniuliza, "Mjomba, lau ungekuwa wewe, ungechagua ipi iliyo nyepesi, halafu ukaipamba upendavyo?"

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Kijana akanieleza kwamba huko Marekani jambo hili ni mchezo wa watu wazima. Mtu hununua bastola tupu isiyo na urembo, mfano wa ile Glock iliyoingia katika jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo kiunzi chake ni cha plastiki. Akishaipata huibadilisha mpini, akaipaka rangi, akaitia shabaha mpya. Kwanza wepesi, mapambo baadaye.

Nilimkumbusha kwamba Kenya tuna sheria ya silaha, Sura ya 114, ambayo haimruhusu mtu kuweka bastola pasi na cheti, wala fundi kuitengeneza pasi na kuandikishwa na serikali. Akasema, "Najua mjomba, natamani tu." Naam, ndugu msomaji, ni tamaa hiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tamaa ya mwanamume kupamba silaha si ngeni kwetu, wala haikuja na simu. Bunduki za mrao za Waarabu wa Oman zilivishwa pete za fedha kwenye mtutu. Vitara na majambia yalitiwa nakshi mpaka ala ikawa na thamani kuliko chuma kilichomo ndani yake. Waomani wameiweka hanjari katika bendera ya nchi yao, na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa hanjari na desturi zake miongoni mwa turathi za wanadamu. Na sisi hapa Pwani, bwana harusi akishavaa kanzu, joho na kilemba, macho ya watu hushuka kiunoni kutazama kama jambia lipo.

Sasa, jambia lile ni la nini? Si la kupigana, kwani hakuna bwana harusi aendaye vitani na marashi shingoni. Maoni yangu ni kwamba silaha iliyopambwa ni ahadi. Mwenye kuivaa huwaambia wakwe zake: ninao uwezo wa kulinda nyumba hii, na ninao uwezo wa kuuzuia mkono wangu. Mapambo hukaa juu ya ala, na ala kazi yake ni kuficha makali. Bastola haina ahadi hiyo. Uipambe utakavyo, itabaki kungojea kidole tu.

Dini yetu nayo imetufundisha adabu ya silaha. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba kichwa cha mpini wa upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa cha fedha, kwa hivyo kupamba kwa fedha si haramu. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea pia makatazo ya mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauponyosha mkono wake. Pambo limeruhusiwa, mzaha umekatazwa.

Sisi wa ng'ambo hii ya feri hatuhitaji kusimuliwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na maelfu kwa maelfu, wengi wao majirani zetu waliotoka bara, wakahama makwao. Mimi na watu wangu tulilala sakafuni, taa zimezimwa, tukihesabu milio. Asubuhi nilimwona jirani yangu akibeba godoro kichwani kuelekea kivukoni, na sikuwa na neno la kumwambia. Na wenzetu wa Kisauni, katika miaka ya karibuni, wamewaona vijana wa rika la mpwa wangu wakitembea makundi kwa makundi na mapanga mikononi. Mapanga yale hayana ala. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema.

Najua wako watakaoniambia, "Mzee, kama ndivyo, mbona tusiache silaha kabisa, hata hilo jambia?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwacha mila ni mtumwa. Kijana tukimnyima jambia lenye adabu, tamaa yake haitakufa. Itahamia kwenye picha za simu, na huko hakuna mzee wa kumwambia ala ni nini. Afadhali tumpe kilicho chetu, na tumfundishe kukichagua.

Basi nilimwambia mpwa wangu yale yale aliyoyasema mwenyewe: kwanza wepesi, mapambo baadaye. Nami nayajua kwa machungu. Siku ya harusi yangu niliazima jambia kubwa la jamaa mmoja mwenye nafasi, fedha tupu kuanzia juu mpaka chini. Mkanda ulilegea kwa uzito, jambia likateremka, nikawa nashika kiuno kwa mkono mmoja na kupeana mikono na wageni kwa mwingine. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama bwana harusi anaumwa na tumbo. Lo! Miaka mingi imepita na bado naulizwa kuhusu tumbo hilo.

Anayetaka jambia la kupamba na atafute lililo tupu na jepesi. Alivae kiunoni ndani ya joho, aketi, ainuke, apande ngazi. Likimchoma ubavu au likivuta mkanda, aliache. Atazame chuma kiwe kimeingia vizuri ndani ya mpini wala kisichezecheze. Atazame mti ulio ndani ya ala kama haukuliwa na wadudu, maana ngozi na fedha haziwezi kuunusuru mti uliooza. Makali na yafanywe butu. Harusini hayana kazi, na watoto ni wengi.

Mapambo yenyewe tusiyafuate mbali. Changamwe pana ushirika wa wachongaji wa Kikamba tangu mwaka 1963. Mpini wa mpingo unapendeza, lakini mpingo ni mzito, hata majini huzama. Mwarobaini ni mwepesi zaidi, unakubali patasi, na hapa Pwani haukosekani. Bombolulu, upande wa Kisauni, pana karakana iliyoanzishwa mwaka 1969 ambako mafundi wenye ulemavu hufanya kazi za ngozi na za vito. Mikono iliyozoea kazi kama hizo haitashindwa na mkanda wa jambia. Fedha iachiwe masonara wa Mji wa Kale, nayo iwe kidogo: pete mbili tatu za ala na kofia ya mpini. Dhahabu aiache, kwani mwanamume wa Kiislamu amekatazwa kujipamba nayo. Hivyo jambia moja litakuwa limepita Changamwe, Kisauni na kisiwani kabla ya kurudi Likoni, na riziki imegawanyika njiani.

Liko jambo moja la kutubia. Zamani mpini uliosifiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru, na mjini Sanaa mtu alipimwa heshima kwa mpini wa jambia lake. Katika miaka ya 1970, fedha za mafuta zilipowafikia Wayemeni waliokuwa wakifanya kazi Saudia, mahitaji ya pembe yalipanda mno. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 hawakuzidi 400. Biashara ya pembe imekatazwa baina ya mataifa tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyama ya Kenya ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Pambo lililomaliza kiumbe wa Mwenyezi Mungu haliwezi kuwa pambo la siku ya baraka. Mwarobaini unatosha.

Mpwa wangu alisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Kisha akauliza, "Na baada ya harusi, mjomba, nilifanyie nini?" Nikamwambia alitundike ukutani, juu, pasipofikiwa na mtoto, na kila atakapomkasirikia mkewe alitazame kabla ya kufungua kinywa. Hasira hasara. Akacheka, akaitia simu mfukoni.

Jumamosi tutavuka pamoja kwenda Changamwe kutazama mti. Feri ikiwa na msongamano tutangoja, kama kawaida yetu. Wasomaji wenye vijana wa kuoza, msiwangoje wawaulize kuhusu bastola. Waiteni barazani mapema.